Mbona bado niko Tabora

Kila nikienda likizo nyumbani Kasulu hilo swali lazima nikutane nalo, shemeji zangu, majirani, mpaka mzee wetu wa jumuiya, "mwalimu, wenzako wote wameshahamia mijini mikubwa, we bado uko na wale wavulana wa Tabora?" Ndiyo bado niko, na sina mpango wa kuomba uhamisho, ngoja leo niandike kwa nini.

Nafundisha fizikia na hesabu, shule ya serikali, bweni, wavulana watupu. Ratiba yetu haina maajabu, kengele alfajiri, usafi, paredi, vipindi vya dakika 40, uji, vipindi tena, ugali na maharage, michezo, prepo usiku, yaani kujisomea darasani. Ila ualimu wa bweni kwa kweli haupo kwenye hiyo ratiba iliyobandikwa ukutani. Upo kwenye zile saa ambazo hakuna aliyeziandika, na mwalimu anayeondoka kengele ya mwisho ikilia anaondoka kabla kazi haijaanza.

Maana mtoto wa kiume wa miaka 16 ukimwita ofisini ukamkalisha kwenye kiti ukamuuliza una shida gani, atakwambia "sina shida mwalimu" na ataangalia viatu vyake mpaka umruhusu aende. Nimeona walimu wazuri kabisa wanakata tamaa hapo, wanasema watoto wa siku hizi wana viburi. Sio kiburi jamani. Mpe kazi ya mikono, na wewe ushike upande wa pili, msitazamane, halafu nyamaza.

Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu, anatokea vijiji vya kule Kaliua, hesabu alikuwa anazipata vizuri tu halafu ghafla akaanza kushuka, anasinzia darasani, kazi hakusanyi, jina lake likawa halitoki kwenye daftari la nidhamu. Jumamosi moja tulikuwa tunatengeneza madawati nyuma ya stoo, tuna vipande vya mninga tulivyopewa na fundi seremala mmoja wa hapa mjini, mi napiga misumari yeye ameshikilia ubao. Msumari wa tatu hivi ukapinda, akauchomoa kwa koleo akaunyoosha juu ya jiwe taratibu, tik tik tik, na huku anaunyoosha akasema bila kuinua kichwa, "mwalimu, mi nikifunga Desemba sirudi." Nikaendelea kushika nyundo. Akaeleza mwenyewe yote, baba yake analima tumbaku, hela ya msimu uliopita imecheleweshwa, deni la pembejeo liko palepale, kaka yake mkubwa ameshaondoka nyumbani, kwa hiyo wa kushika jembe amebaki yeye.

Wasioijua tumbaku wanadhani ni zao la miezi miwili mitatu. Mche unaanza kitaluni kabla ya mvua, unahamishiwa shambani mvua zikishika, kisha palizi, kukata vikonyo vya juu vyenye maua, kuvuna jani kwa jani, kuchoma kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto, usiku na mchana maana moto hauachwi peke yake, halafu kupanga majani kwa madaraja mpaka soko lifunguliwe. Familia nzima inaingia humo. Na kweli ada ya sekondari ilifutwa tangu 2016, lakini nauli, godoro, sare, madaftari, hivyo havijafutwa, na mzazi anavilipa tumbaku ikilipwa.

Nikampigia baba yake. Shikamoo mzee, marahaba mwalimu, tukaongea muda mrefu sana. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa mtu aliyebanwa. Tukakubaliana kijana akae shambani likizo yote ya Desemba, na Januari akichelewa kidogo mi ntaongea na mkuu wa shule. Alichelewa kweli, akaja na viganja vina malengelenge na mfuko wa karanga kutoka kwa mama yake. Kidato cha nne alimaliza.

Sasa imani inaingia wapi. Mi ni Mkatoliki, rozari iko mfukoni, na kabla ya prepo huwa nasali kidogo nikitembea chini ya miembe. Kwangu kusali na kubaki shuleni jioni ni kitu kimoja, siwezi kumwambia Mungu nipo halafu watoto wake wakinitafuta sipo. Na Tabora ni mji wa misikiti tangu enzi za misafara, wavulana wetu wengi ni Waislamu, kwa hiyo Ijumaa nikiwa zamu nahakikisha wanatoka kwa wakati waiwahi swala, na mfungo wa Ramadhani naamka mwenyewe kufungua jiko wapate daku ikiwa ya moto. Mwenzangu mmoja aliniuliza inakuhusu nini. Inanihusu sana, wale ni wanangu na wana njaa.

Mara nyingi namfikiria Nyerere. Alisoma Tabora Boys kuanzia 1937, akabatizwa 1943, na alipomaliza Makerere akarudi hapahapa Tabora kufundisha St. Mary's, kuanzia 1946 mpaka alipokwenda Scotland 1949. Alikuwa hajafika hata miaka 25 alipoanza! Kijana msomi wa Makerere enzi hizo, watu waliosoma kule walikuwa wa kuhesabika, akaja kushika chaki huku. Jina la Mwalimu hakupewa kama sifa, ilikuwa kazi yake.

Kwa hiyo wewe uliyepangiwa Tabora juzi na unatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo, subiri kwanza. Oktoba ni joto kweli, njoo na neti, nyumba za kupanga zipo na bei sio mbaya, asali utakula mpaka uchoke. Na kama ni wa fizikia njoo hata kesho, kidato cha pili mikondo yote nimeibeba peke yangu.