Kutoka Mbeya hadi Kalenga, kupitia Sun City

Mpaka tunaipita Uyole, jirani yangu wa kiti alikuwa ameshamaliza siasa na mpira. Ni dereva wa semi, mtu wa Ipogolo pale Iringa, gari lake kaliacha Tunduma. Basi lilipofika Chimala akaanza habari za Sun City, ule mji wa kasino na starehe kule Afrika Kusini. Aliwahi kupeleka mzigo Rustenburg, akaenda kuchungulia.

"Makaburu walikataza kamari kwao, mwanangu. Sol Kerzner, yule tajiri wa mahoteli, akavuka tu mpaka, akaingia Bophuthatswana."

Hicho ndicho kinchi cha Waafrika ambacho Makaburu walikipa "uhuru" mwaka 1977, na hakuna taifa lililokitambua ila wao wenyewe. Kasino ikafunguliwa Desemba 1979, mwendo wa kama saa mbili kutoka Johannesburg. Frank Sinatra aliimba pale 1981. Nikachomekea kwamba 1985 wanamuziki wengi waliapa kutopakanyaga kwa sababu ya ubaguzi. Hilo hakulijua, akanyamaza mpaka Igawa.

Kilichomkaa rohoni ni kasri la 1992. Kerzner alijenga hoteli ya vyumba zaidi ya mia tatu, akaitungia na hadithi: eti hapo zamani palikuwa na mji wa kale, ukaangamizwa na tetemeko, na haya ndiyo magofu yake. Kuna hata daraja linalotikisika kwa makusudi!

"Uongo mtupu," alicheka, "na watu wanalipa."

Mwaka 1994 kinchi kile kilirudishwa Afrika Kusini, kisha kasino zikaruhusiwa nchi nzima. Sun City ikabaki kutegemea zaidi gofu, mabwawa ya mawimbi na wanyama wa hifadhi ya jirani, Pilanesberg.

Makambako tukachimba dawa, baridi inakata masikio. Mafinga ni mbao, mbao, mbao.

Tulipoagana Ipogolo nikamwambia naelekea Kalenga.

"Nimezaliwa hapa, sijawahi kufika. Kuna nini?"

Bodaboda ikanifikisha. "Kamwene," akasema mlinzi, nami nikaitikia vivyo hivyo. Jumba la makumbusho ni dogo. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limo ndani ya kioo, lilirudishwa kutoka Ujerumani 1954. Hapa ndipo ilipokuwa Lipuli, ngome yake. Wahehe waliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na Oktoba 1894 Wajerumani wakaja na mizinga, wakaibomoa.

Niliomba kuonyeshwa ukuta. Mlinzi akanielekeza kwenye tuta la udongo lililoota majani. Mbuzi wawili walikuwa wamelala juu yake. Mgeni wa siku ile nilikuwa peke yangu, na chenji ya noti yangu ilibidi ikatafutwe dukani.