Surf yangu ilivyoacha kuondokea gia ya tatu

Miezi mitatu mizima Toyota Hilux Surf yangu ya dizeli, ya giaboksi ya otomatiki, ilikuwa inaondokea gia ya tatu badala ya ya kwanza. Unaweka D, unaachia breki, unakanyaga mafuta, injini inanguruma lakini gari linajikokota kana kwamba limefungwa gogo nyuma. Likishachanganya mwendo linakwenda vizuri tu. Kwa mizunguko ya Dodoma mjini ningeweza kuvumilia. Ila mimi kila baada ya wiki mbili nakwenda Iringa kwa mama, na barabara ile inakushusha mpaka bwawa la Mtera, karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, halafu inakupandisha mlima Nyang'oro. Hapo geji ya joto niliyofunga kwenye bomba la kupozea mafuta ya giaboksi ilisoma nyuzi 126. Nilisimama, nikafungua boneti, harufu ya mafuta ya gia yaliyoungua nikaisikia kabla sijachomoa dipstiki.

Gereji mbili ziliniambia giaboksi imekufa, klachi za ndani zimeisha, nitafute ya mtumba. Sikuridhika, kwa sababu nikishusha mkono wa gia mpaka L gari liliondoka kwa nguvu zake zote. Klachi zilizoisha haziwezi kubagua gia namna hiyo.

Kilichonisaidia ni fundi umeme mmoja wa Kizota, kijana asiye na maneno mengi. Taa ya O/D OFF, ile ya kuzima gia ya nne, ambayo pia hupepesa giaboksi ikiwa na hitilafu, ilikuwa inapepesa kwenye dashibodi siku zote na hakuna aliyeijali. Yeye aliunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha vipimo, akaniambia, "Hesabu mwenyewe, mzee." Ikapepesa mara sita, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Namba ya hitilafu ni sitini na mbili: solenoidi ya kwanza ya kubadilisha gia, yaani vali ndogo ya umeme iliyo ndani ya giaboksi. Akaipima, ikasoma omu 13, na nzima inatakiwa iwe kati ya 11 na 15. Akafuata waya wake hadi mwisho, mzima. Basi kilichokufa kilikuwa ndani ya kontroli boksi, kompyuta ya gari, ile sehemu inayosukuma umeme kwenda kwenye solenoidi.

Hapa naomba nieleze kidogo, maana nikijua hili mapema ningeokoa miezi miwili. Giaboksi za otomatiki za Toyota za gia nne za jamii ya A340, kama yangu, zinachagua gia kwa solenoidi mbili. Ya kwanza ikipata umeme peke yake, ni gia ya kwanza. Zote mbili zikipata, ya pili. Ya pili peke yake, ya tatu. Zikizimwa zote, ya nne. Solenoidi ya kwanza ikitoweka, kontroli boksi hujilinda kwa kubaki na gia ya tatu na ya nne. Gari langu halikuwa na klachi mbovu, lilikuwa limenyimwa gia mbili.

Kontroli boksi za mtumba nilizozipata Dar zilikuwa za gari la gia za mkono, nyingine soketi hazikulingana. Ndipo nikaamua kuagiza Marekani kontrola ya kujitegemea, ile unayoipangia mwenyewe kwa kompyuta gia ibadilike kwenye mwendo gani na mguu ukiwa umekanyaga kiasi gani. Ilipofika Dar niliifuata mwenyewe na kurudi nayo kwa SGR, nimeipakata njia nzima.

Kabla ya kuagiza, hakikisha jambo hili moja. Kontrola nyingi huziendesha solenoidi kwa kufungua na kufunga upande wa hasi. Solenoidi za giaboksi hii zinataka kinyume chake: chanya inatoka kwenye kontrola, hasi inarudi kupitia mwili wa giaboksi wenyewe. Ukinunua isiyotoa chanya, umenunua pambo.

Kufunga kulichukua siku mbili. Waya tatu za solenoidi zilikatwa kutoka kontroli boksi ya zamani na kupelekwa kwenye mpya: mbili za gia na moja ya kufunga toku konveta, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, ili kisiteleze. Sensa ya mwendo na sensa ya kikanyagio tulizidokoa tu bila kuzikata, ili injini iendelee kuzisoma kama kawaida. Taa ya O/D OFF bado inapepesa, nimeiacha.

Siku ya kwanza barabarani gia zilibadilika kwa kishindo. Nikahangaika na kompyuta jioni nzima. Fundi akaja, akafungua boneti, akashika kebo ya kikdauni, ile inayovutwa ukikanyaga mafuta na kuingia kwenye giaboksi. Presha ya mafuta ndani ya giaboksi hii inatawaliwa na kebo hiyo, kompyuta haina mamlaka nayo. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, kile kifundo cha kwenye kebo kinatakiwa kiwe ndani ya milimita moja kutoka ukingo wa kava lake. Yangu ilikuwa imevutwa mno. Dakika kumi, kishindo kikaisha.

Safari ya kwanza ya Iringa ilinipa mtihani. Wakati wa kurudi, nimeshavuka ukuta wa bwawa la Mtera na magunia mawili ya viazi vya mama nyuma, skrini ya kontrola ikazima. Fyuzi imekatika. Nikaweka nyingine, ikakatika papo hapo. Hapo ndipo nilipoipenda giaboksi hii kwa dhati, kwa sababu hata bila umeme kabisa haikutupi porini: L inakupa gia ya kwanza, 2 inakupa ya tatu, D inakupa ya nne. Nikaondoka na L, nikasogeza 2, nikamalizia D, kila kijiji hivyohivyo mpaka Dodoma. Asubuhi tulikuta waya umelalia bomba la ekzozi, plastiki yake imeyeyuka kama nta. Tuliupitisha juu, ndani ya bomba la kuzuia joto.

Sasa Nyang'oro naipanda kwa gia ya tatu huku toku konveta imefungwa, haiteleziteleza tena kuzalisha joto, na gia haihangaiki kati ya tatu na nne. Safari iliyopita geji ilisoma 98 pale juu.

Kilichobaki ni asubuhi za baridi za Juni na Julai. Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, mafuta yakiwa hayajapata moto, bado kuna kigugumizi. Kesho nashusha mwendo wa kubadilisha kwa kilomita tatu kwa saa, nione.