Nimerudi Gereji, na Hakuna Anayesikiliza Injini

Nilipoondoka, kazi yetu ilikuwa bado ya kabureta, pointi na distributa, vifaa vya zamani vya kuchanganya petroli na hewa na kugawa cheche, na fundi aliheshimiwa kwa sikio lake. Mliokuwapo mnakumbuka: boneti inafunguliwa, na kabla spana haijashikwa, mkubwa wetu anainama, anasikiliza, kisha anataja silinda isiyochoma. Sisi spanaboi tulichomoa plagi ili kuhakikisha, na rangi yake ilitosha kuwa jibu: kahawia hafifu, injini ni nzima, nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, nyeupe, joto limepita kiasi. Baada ya miaka mingi ughaibuni, ya kutengeneza magari kwanza na kuwafundisha wengine baadaye, nimerudi katika gereji ileile na kumkuta kijana amechomeka kifaa chini ya usukani, akasoma msimbo wa hitilafu P0171 kwenye simu yake, kisha akaagiza sensa mpya ya oksijeni, yaani kihisi kinachopima oksijeni kwenye moshi wa gari. Boneti ilikuwa bado imefungwa.

Sina ugomvi na kifaa chenyewe. Soketi kinapochomekwa imekuwa lazima kwa magari madogo mapya Marekani tangu mwaka 1996, na Ulaya ikawa lazima kwa magari mapya ya petroli tangu 2001, na nimeitumia kufundishia kwa muda mrefu kuliko umri wa baadhi ya vijana hawa. Kinachonikera ni kwamba P0171 haisemi popote kuwa sensa imekufa. Inasema kompyuta ya gari imekuwa ikiongeza petroli ili kufidia mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita kiasi, na sasa imefika ukomo wa kuongeza. Huenda pampu ni dhaifu, huenda chujio limeziba, huenda sensa ya kupima hewa imechafuka, huenda hewa inaingia mahali isipopimwa. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na kuing'oa ni kumfunga shahidi na kumwacha mwizi.

Jibu, kwa bahati mbaya, lilikuwa kwenye kifaa hichohicho, kurasa chache mbele, ambako hakuna anayefika. Kuna namba inayoonyesha ni asilimia ngapi ya petroli kompyuta imeongeza au kupunguza. Injini ikiwa inanguruma bila mzigo na namba ikasoma 20, kisha ukakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika ikashuka hadi 4 au 5, tafuta hewa inayovuja baada ya sensa ya hewa, kwa sababu tundu lilelile ni kubwa kwa injini inayovuta hewa kidogo, lakini halina uzito kwa injini inayovuta nyingi. Namba ikipanda kadiri mzigo unavyoongezeka, hapo ndipo uikague pampu, chujio na sensa ya hewa. Namba ya gari lile ilishuka kama nilivyotarajia. Kusema kweli nilishajua, kwa kuwa mara boneti ilipofunguliwa nilisikia mluzi mwembamba nyuma ya injini, na mpira uliopasuka ulikuwa palepale.

Kijana, ambaye ana adabu na mikono mizuri, aliniambia, "Mzee, siku hizi gari linajieleza lenyewe." Wenzake walicheka, nami nikacheka. Walicheka tena nilipouliza taa ya kupimia taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche, iko wapi, maana hawajawahi kuiona ikiwaka.

Mimi niliacha kucheka ilipoingia haibridi, gari linalotumia petroli na umeme. Kijana mwingine alipeleka mkono mtupu kwenye nyaya za rangi ya machungwa, akizisogeza ili aifikie boliti. Rangi ile imewekwa kuonya kuwa umeme uliomo unaua. Betri kubwa ya Toyota Prius ya kizazi cha pili, kwa mfano, ina volti 201.6. Huzigusi nyaya hizo kabla hujazima gari, hujatoa betri ndogo kazini, na hujachomoa kichomeko kinachokata umeme wa betri kubwa na kukitia mfukoni mwako, ili mwingine asikirudishe. Baada ya hapo unasubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, uishe, kisha unapima kwa maltimita, yaani kipima umeme, kwamba kweli haupo. Kazi hiyo hufanywa kwa glavu za mpira zilizothibitishwa kwa volti 1,000, unazozijaza hewa na kuzibana kila mara kuona kama zimetoboka. Niliuliza glavu ziko wapi. Nilionyeshwa za kuoshea vipuri.

Mwenye gereji, niliyeshika naye spana tukiwa vijana, alinijibu kwamba mteja hasubiri, na kwamba kubadilisha kipuri ni haraka kuliko kupima. Hapo hakukosea kabisa. Hakuongeza kwamba kipuri kina faida na kupima hakuna, nami sikumkumbusha. Ameniomba niwafundishe vijana jioni. Nimekubali kuanza na maltimita na zile kurasa za kifaa wasizozifungua, lakini kwa sharti kwamba glavu zinunuliwe kwanza. Mpaka ninapoandika hazijanunuliwa, na haibridi mbili ziko kwenye foleni.