Tuliingilia Uani

Jumamosi iliyopita nilikwenda na binti yangu Kunduchi kununua samaki. Kabla hatujafika penye mnada akaziba pua. "Mama, nini kinanuka hivi?"

Chini ya mkungu palikuwa na mashua iliyopandishwa juu ya magogo, na kijana amechuchumaa ubavuni mwake, anakalafati. Anaisokota pamba juu ya paja, anaishindilia kwenye upenyo wa mbao kwa patasi butu, anagonga taratibu, kisha anachovya tambara kwenye kopo na kupaka. Ndani ya kopo mlikuwa na sifa. Waliokulia bara huenda hawaijui: ni mafuta ya maini ya papa, na harufu yake haiogopi sabuni wala jua. Binti yangu akanivuta mkono twende. Miguu yangu ikakataa.

Harufu ile ile ilikaa ndani ya Hiace ya Mjomba tangu Oktoba 2009 mpaka siku gari lilipouzwa.

Babu ndiye aliyeanzisha safari. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamchukulia jicho la kushoto, na la kulia likaanza kuona ukungu. Akasema anataka kuiona pwani yote ya kusini mpaka Mikindani kabla hajabaki wa kusimuliwa. Mjomba akang'oa viti vya nyuma vya Hiace, tukatandika godoro, tukapakia madumu mawili ya maji, jiko la mafuta ya taa, mchele na chandarua. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja chuo, nikawa mpishi. Babu alikuja na tasbihi, kikoi cha kubadilisha, na kidumu cha sifa cha lita tano, zawadi kwa rafiki yake wa Mikindani aliyekuwa fundi wa vyombo vya baharini. Mjomba akamwambia tungenunua hata sukari njiani. "Fundi hapelekewi sukari," Babu akajibu, akakipakata kidumu.

Mnaomkumbuka mnajua kwamba alikuwa mtu wa Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia, na kwamba alipanda jahazi ndevu hazijaota. Nazi na papa mkavu kutoka Mafia, boriti kutoka deltani Rufiji. Kilwa, Lindi, Mikindani, na kurudi juu mpaka Unguja. Hapakuwa na mji wa mwambao ule ambao hakuwahi kutia nanga. Kwa hiyo mimi na Mjomba hatukuuliza njia wala habari. Tulijua tunakwenda na mwenyeji.

Dalili ya kwanza tuliipata kwenye Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa 2003, refu karibu kilomita nzima. Mjomba akapunguza mwendo ili Babu aone. Babu akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mto gani huu?"

"Rufiji, Baba."

Akanyamaza mpaka tukamaliza daraja. "Rufiji ninayoijua mimi haina kingo," akasema. "Ni mikoko na matope, na maji ya chumvi yanapanda na kushuka. Simba Uranga. Kikunya. Hiyo ndiyo Rufiji." Akageuka kuutazama tena kwa kioo cha nyuma, kama mtu aliyeonyeshwa kisogo cha rafiki yake akaambiwa, si huyu hapa?

Kutoka Ndundu mpaka Somanga lami ilikuwa bado haijafika. Kilomita sitini hivi za mchanga na mashimo zilitula nusu siku, na katikati yake kifuniko cha kidumu kikaruka. Nusu ya sifa ikamwagika kwenye godoro. Usiku ule Somanga tulilala milango wazi, Mjomba nje kwenye mkeka, mimi kiti cha mbele na kanga usoni. Babu peke yake ndiye aliyelala usingizi mzuri, juu ya godoro lile lile. Alfajiri aliniambia ameota yuko chomboni.

Kesho yake saa kumi alasiri tukaingia Kilwa Kivinje.

Hapa nataka nikae kidogo.

Ukitoka Nangurukuru unashika njia ya Kilwa Masoko, kisha unakata kushoto, na mji unaanza kidogo kidogo: migahawa, nyumba za makuti, nyumba za mawe zilizoanguka mapaa na miti imeota sebuleni. Mjomba akasimamisha gari karibu na soko, akazima injini. "Baba, tumefika Kivinje."

Babu hakushuka. Alishika mkono wa mlango akatazama nje kwa lile jicho moja, muda mrefu.

"Hapa si Kivinje."

"Ni Kivinje, Baba."

"Mimi nimelala Kivinje zaidi ya mara mia. Nimeozesha rafiki yangu Kivinje. Hapa si Kivinje."

Mjomba akamwita mzee mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani, wakaamkiana, akathibitisha. Babu akaitikia kwa adabu, lakini uso wake ulibaki vile vile, na nikamwona anameza mate. Mimi nikaingiwa na hofu. Nilidhani ndiyo ile ya wazee, kwamba akili nayo imeanza kufuata macho. Mjomba akanitazama. Tulikuwa tunawaza neno moja.

Babu akauliza, "Maji yako wapi?"

Yule mzee akamwonyesha kwa mkono. Babu akashuka, akapita kati ya nyumba bila kututazama, mimi nyuma yake na viatu vyake mkononi, maana alivivua na kuviacha njiani. Tukatokea ufukweni pale lilipo lile boma kuukuu la Wajerumani. Maji yalikuwa yamekupwa, na Kivinje maji yakikupwa yanakwenda mbali: matope ya kijivu yanayong'aa, vyombo vimelala ubavu, watoto wawili wanafukuza kaa. Babu akafunga kikoi juu ya magoti akaingia kwenye matope.

Nikamwita. Hakugeuka. Alikuwa anatembea kama ninavyowaona wavuvi wanatembea matopeni, anatanguliza vidole, haburuzi nyayo. Mimi nilizama mpaka kwenye vigimbi, nikaanguka mara moja, viatu vyake vikaingia matope. Alikwenda mpaka akakuta maji, akaendelea mpaka yakafika magotini. Ndipo akasimama, akageuka kuutazama mji.

Alikinga jicho kwa kiganja. Akasogea hatua mbili kushoto. Akatazama. Akarudi moja kulia. Akanyosha mkono mbele, kidole gumba juu, akawa anaufunika mnazi fulani uliokuwa nyuma ya pembe ya boma, anaufunua, anaufunika. Midomo inasema kitu sikisikii. Nilikuwa nimeshamfikia, natweta, kanga imelowa, na nilikuwa nimeandaa maneno ya kumrudisha garini kwa upole.

"Eeeh," akasema. "Hii ndiyo Kivinje."

Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, mikono iliyonuka sifa, akanigeuza uso kama unavyomgeuza mtoto umnyoe.

"Tazama, mke wangu. Lile boma. Ule upenyo wa mikoko kule, hapo ndipo mkondo, ukikosea unakaa juu ya fungu mpaka maji yajae. Nanga tulikuwa tunatia hapa hapa nilipokanyaga. Usiku unaona taa za sokoni, moja, mbili, tatu, na unasikia adhana kabla hujaona mnara." Alikuwa anacheka. "Tumeingilia uani. Ndiyo maana sikuwajua wenyewe."

Nikatazama. Nakiri kwamba kwanza sikuona kitu. Kisha polepole zile nyumba nilizozipita zikiwa magofu zikajipanga mstari mmoja, milango imetazama kwetu, boma katikati, minazi nyuma. Mji mzima ulikuwa umekaa umetuelekea, kama watu barazani wanaomngoja mgeni. Jua la alasiri lilikuwa nyuma yake na madirisha yalikuwa meusi. Nusu saa nzima nilikuwa ndani ya mji huu na sikuuona.

"Sasa umefika," Babu akasema, akaniachia kichwa.

Tulisimama pale mpaka maji yakaanza kurudi.

Baada ya hapo safari ikawa na mtindo wake. Kilwa Masoko tukakodi mashua ya tanga kwenda Kilwa Kisiwani, na nahodha, alipoona jinsi Babu anavyotazama upepo, akamwachia kana, mkono wa usukani, bila kuombwa. Kule tuliona msikiti mkuu, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa 1331. Babu magofu yale hayakumshughulisha mpaka alipoambiwa kuwa jumba lilikuwa na ngazi za kushuka mpaka pwani. "Basi huyu alikuwa na akili," akasema. Wakati wa kurudi akamuuliza nahodha kama angeweza kutupeleka Lindi kwa maji. Mjomba akakataa, na alikuwa na haki ya kukataa: mzee wa karibu miaka themanini, malelezi, upepo hauna msimamo. Babu hakubishana. Tulipofika Mchinga akaingia majini akageuka akatazama. Lindi tukavuka kwenda Kitunda na kurudi, hatuna shida yoyote Kitunda, ili tu auone mji kutoka katikati ya maji. Kila mara ananiita, "Mke wangu, njoo," na kila mara ananigeuza kichwa.

Mikindani tuliingia magharibi.

Pale barabara inapita kando ya maji kabisa, na bahari imezungukwa na nchi kavu kama maji ndani ya bakuli, mlango wake mwembamba. Kuna nyumba kuukuu yenye kibao cha Livingstone, aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho 1866. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukutani. Babu akauliza habari za rafiki yake, akaambiwa ametangulia, miaka imeshapita. Akasema Mwenyezi Mungu amrehemu. Kisha akamwona kijana anakalafati ngalawa kwa mwanga wa mwisho wa jua, akaenda akampa kile kidumu, nusu iliyobaki. Hawakuongea sana.

Aliporudi akasema, "Nitafutieni mtumbwi. Nitoke mpaka mlangoni, niingie nao. Mikindani huijui mpaka uingie na mlango wake, mkondo unakuvuta."

Mimi ndiye niliyesema. Mjomba alikuwa kimya, nadhani angekubali. Mimi nilikuwa nimechoka, nina njaa, nanuka, giza linaingia, nikasema, "Babu, twende tukalale Mtwara. Kesho asubuhi tutarudi." Mtwara ni kilomita kumi hivi. Akaniangalia, akasema haya.

Usiku ule simu ikapigwa: mkaza mjomba amelazwa, hali si nzuri. (Alipona, alhamdulillahi, na bado yupo.) Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa barabarani. Babu alikuwa amelala kwenye godoro nyuma, na mimi nimekaa mbele. Tulipofika Mikindani kulikuwa kunapambazuka, maji yametulia, yana rangi ya fedha, na kuna mtumbwi mmoja unatoka kwenda mlangoni. Nikageuka kumtazama. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Vidole vyake vilikuwa vinapita kwenye tasbihi, punje moja baada ya nyingine. Nikajiambia anafanya usingizini. Sikumwamsha.

Tulipofika Mingoyo Babu akaketi, akaomba maji, akanywa.

"Tumeshapita Mikindani?"

"Tumepita, Babu."

"Haya."

Alifariki 2011. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunga zamani. Hakuwahi kuniambia neno juu ya asubuhi ile, na mimi sikuwahi kumuuliza kama alikuwa amelala kweli. Nimeligeuza sana neno lake. Haya ya mtu aliyeridhika ninaijua, na haya ya mtu aliyekata tamaa ninaijua. Ile ya Mingoyo sijaipatia mahali.

Tangu hapo nimepita Mikindani mara tatu, zote kwa basi, zote nimekaa dirisha la upande wa maji. Lami siku hizi ni moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, na basi halikai pale. Kila mara nasema nitashuka, nitafute mtumbwi, nilipe chochote watakachotaka. Kila mara kuna mtu ananingoja Mtwara.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka jana, nilikuwa na binti yangu. Alikuwa amelala, kichwa juu ya paja langu, mdomo wazi. Maji yakaanza kuonekana. Nikamtikisa bega. Akafungua macho, nikamshika kichwa kwa mikono miwili nikamgeuza dirishani.

Akatazama, akapiga miayo.

"Mama, tumefika?"