RAM inapanda na data haijaongezeka

Jamani wenye server za database zinazokaa miezi bila kuzimwa, angalieni hili. Yetu RAM ilikuwa inapanda kila wiki, watu wote wanasema memori inavuja (programu inachukua bila kurudisha), kumbe nafasi ipo ila imekatika vipandevipande, kama daladala yenye siti moja huku moja kule na nyie watano mnataka kukaa pamoja. Kwenye Linux ya biti 64 malloc ya glibc (ile inayozigawia programu memori) inaweza kufungua arena, yaani mafungu ya memori, hadi 8 kwa kila koa (core) ya prosesa, sasa mashine ya koa 32 piga hesabu, 256 hizo, na kila moja inashikilia mabaki yake. Tukaweka MALLOC_ARENA_MAX=2 ili arena zisizidi mbili, ikatulia kiasi, tulipohamia jemalloc, mgawaji mwingine wa memori badala ya malloc ya glibc, ndo grafu ikanyooka kabisa. Ile dawa ya kuristati server kila usiku mi siikubali, inaua kashe yote (data iliyokaa tayari kwenye RAM), asubuhi wateja wanasubiri.