Komiti 137 na daftari la Mama

Ankara yangu ya kwanza maishani ilikuwa na mstari mmoja: "Kutengeneza programu ya stoo, siku 45, Sh 1,800,000." Niliichapisha Mwanga, Kigoma mjini, nikaitia kwenye bahasha, nikapiga shati pasi na kushuka nayo Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Ilikuwa Septemba 2018.

Mama, mteja wangu, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa stoo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Jina lake silitaji. Alinunua mawese, ambayo wengi Kigoma tunayaita mise, kwa madumu ya lita 20, akayauza kwa kilo kwa wachemsha sabuni na kwa madumu kwa watu wa mitumbwi. Programu niliyomtengenezea ilikuwa ya kufuata mafuta hayo: yameingia mangapi, yametoka mangapi, nani anadaiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lete."

Akavaa miwani, akasoma, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu.

"Milioni moja na laki nane," akasema. "Fundi aliyeniezekea hili paa aliniandikia mpaka misumari. Wewe misumari yako iko wapi?"

Kulipa hakukataa. Tulikubaliana Sh 40,000 kwa siku, ila siku zenyewe nilizihesabu mimi peke yangu, na kati ya hizo, nyingi alikuwa hajaniona hata kivuli.

Mwaka ule Kigoma ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa. Tuliishi kwa majenereta ya dizeli, na jioni hiyo mtaa wetu ulikuwa giza. Nikafungua laptop betri ikiwa asilimia 31, nikajiambia misumari ninayo, tena imehifadhiwa: iko kwenye Git. Kwa asiyeijua, Git inatunza historia ya msimbo, yaani maandishi yanayounda programu. Kila ukihifadhi badiliko, yaani ukikomiti, inaweka tarehe, jina lako, badiliko lenyewe na ujumbe mfupi ulioandika. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, ambako watu wengi mno wanashika msimbo mmoja na lazima waelewane. Mimi nilikuwa peke yangu chumbani, sina wa kuelewana naye, na ujumbe wangu uliandikwa hivyo hivyo.

Sikuliwaza hilo. Niliandika git log, amri ya kuorodhesha komiti zote, nikamwaga yote kwenye faili, asubuhi nikachapisha. Komiti 137, kurasa 15. Nilijiona mtu mwaminifu kuliko mafundi wote wa mkoa.

Mama alianza kusoma kwa sauti. Ule msururu wa herufi na namba 40 unaotangulia kila komiti aliuruka kama mtu anayeruka dimbwi. "Rekebisho. Rekebisho tena. Sasa. Hapana. Jaribu. Ee Mungu." Akanitazama juu ya miwani. "Hii ya Ee Mungu ni shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu.

"Na hii komiti ni kamati gani? Mlikuwa wangapi?"

"Nilikuwa peke yangu, mama."

"Peke yako, na kamati 137?"

Kijana wa stoo alicheka mpaka akatua dumu chini.

Mama akaingia ndani, akatoka na daftari lake kubwa la jalada gumu, pembe zimeloa mafuta hadi karatasi imekuwa kama kioo. Akalifungua popote na kuweka kidole. Nakumbuka mstari ule karibu neno kwa neno: "14/8. Madumu 12, baba wa Kalemie. Kalipa 6. Karudisha matupu 9. Mtumbwi unarudi Ijumaa."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Siku hiyo ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Haya. Kaniandikie."

Ilinichukua siku mbili, na hizo sikumdai. Ujumbe wa "rekebisho" ulikuwa hausaidii kitu, hivyo nilifungua komiti moja moja kuangalia mistari gani iliongezwa na ipi iliondolewa, kisha nikajiuliza badiliko lile Mama angeliona wapi akiwa pale mlangoni. Tarehe nilizilinganisha na meseji za simu kati yangu na kijana wa stoo. Komiti 22 zenye majina ya ajabu ajabu zikageuka mstari mmoja: "Kuhesabu madumu matupu yanayorudi, kwa kila mteja." Nyingine 9: "Deni la mteja kuonekana kabla hajapewa mzigo mwingine." Kulikuwa na siku ina komiti 14 ndani ya saa moja, kwa sababu nilikuwa nakosea tahajia, na siku tatu mfululizo zisizo na hata moja, kisha komiti ya mstari mmoja: "badili namba." Ukizitazama hizo tatu kwenye Git utadhani nilikuwa nimelala.

Mistari ikawa 14, ukurasa mmoja. Mama aliisoma polepole, na kila aliporidhika aliweka alama ya kalamu pembeni. Kwenye ule wa siku tatu kalamu ikasimama. Nilikuwa nimeandika: "Kutafuta sababu ya programu kuonyesha upungufu wa kilo 200, na kuirekebisha."

Ngoja niueleze upungufu huo. Madumu 100 yaliingia, programu ikasoma kilo 2,000. Yalipouzwa yote kwa mizani zikapatikana kilo 1,800. Hizo 200 zikatokea kwa maandishi mekundu, na aliyeshika funguo za stoo ni yule kijana. Nilikagua msimbo siku tatu nzima kabla sijagundua kwamba mimi mwenyewe niliandika lita moja ni kilo moja, kama vile Mama anauza maji. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo kama 18. Dawa yake ilikuwa kuzidisha kwa 0.9.

"Hili kosa alilileta nani?" Mama aliuliza.

"Mimi, mama."

"Na kilo 18 mimi nimezijua tangu binti. Siku tatu unatafuta, simu yangu huna?"

Nilikuwa nayo. Haikunijia hata mara moja kwamba swali la msimbo linaweza kujibiwa na mtu wa mawese. Akaupiga mstari kalamu: Sh 120,000 zikaondoka. Nilitazama ziwani nisionyeshe uso.

Alipofika mwisho akarudi juu, akashuka tena, kama anayetafuta kitu.

"Zile jioni nne ulizokaa hapa mpaka saa tatu usiku unamfundisha huyu, mbona hazipo?"

Hazikuwepo kwa sababu jioni hizo sikugusa msimbo hata herufi. Git haikujua lolote, nami nilikuwa nimeandika kile tu ilichonionyesha. Nilimwambia yale yalikuwa maelekezo tu.

"Kama si hayo angeweza kuitumia?"

Kijana akatikisa kichwa kabla yangu.

"Jioni nne, weka siku mbili," Mama akasema, na akaandika mwenyewe chini ya karatasi yangu, kwa mkono wake: Sh 80,000. Jumla 1,760,000. Akahesabu noti mara mbili, akanipa nizihesabu mara ya tatu.

Kisha, programu yangu ikiwa wazi mezani, akavuta daftari. Nilisoma kichwa chini juu wakati anaandika, kati ya madumu 6 ya Ujiji na kamba ya mtumbwi: "Kijana wa kompyuta. Kalipwa yote. Namba yake ya simu tunayo, na yeye yetu anayo."