Mjakaranda Uliodhaniwa Umekufa

Mwezi wa Agosti mwaka jana jirani yangu alifika langoni akiwa ameandamana na fundi mwenye msumeno. "Mwalimu," akaniambia, "mjakaranda huu umekauka. Tuukate kabla haujayaangukia magari." Nilimwomba asubiri hadi Oktoba, naye, kwa uungwana wake, akakubali, ingawa uso wake ulionyesha wazi kwamba ananihurumia.

Simlaumu. Shuleni tulifundishwa kwamba miti inayopukutisha majani ni ya Ulaya, kwenye theluji, na kwamba sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna miti ya kijani mwaka mzima. Huo ni ukweli nusu. Katika nchi za baridi, siku zinapofupika, mti huanza kuyanyonya majani yake virutubisho, hasa naitrojeni, na kuvihifadhi ndani ya matawi. Klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, huvunjika, rangi ya njano iliyokuwa imefichwa nyuma yake hujitokeza, kisha seli zilizo chini ya kikonyo huachana na jani likaanguka. Huku kwetu kazi ni hiyo hiyo, ila kinachoianzisha kwa kawaida ni kiu. Jani hupoteza maji kupitia vitundu vidogo visivyohesabika, na mti usioweza kufidia maji hayo kutoka ardhini huona heri kulitupa. Ndiyo maana mbuyu hukaa uchi sehemu kubwa ya mwaka, na misitu ya miombo, inayoanzia Tanzania hadi Angola, hupukutika wakati wa kiangazi, kisha ikachipua majani mekundu hata kabla mvua haijanyesha. Mkababu nao una ukaidi wake: hupukutisha majani wakati wa mvua na kubaki na kivuli wakati wa ukame, jambo linalowafurahisha wakulima wanaopanda mahindi chini yake.

Basi, je, miti ya kijani daima haipukutishi? Anayetaka jibu aende Karura, msitu wa hapa Nairobi uliotangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932 na ambao mwanamazingira Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 ulipokuwa ukigawiwa wajenzi. Humo mna muhugu, mti wenye mbao nzito zinazopendwa na wachongaji wa vinyago, na majani yake ni magumu, meupe kwa chini. Msitu haubaki mtupu mwezi wowote, lakini njia zake zimefunikwa na majani makavu mwaka mzima, kwa sababu kila jani lina umri wake na huanguka kwa zamu, moja leo, jingine wiki ijayo. Jani gumu la namna hiyo humgharimu mti sana kulitengeneza, hivyo lazima litumike muda mrefu. Jani jembamba la mjakaranda ni rahisi, na kulitupa si hasara kubwa.

Mjakaranda wenyewe ni mgeni kutoka Amerika Kusini, na hapa Nairobi hupukutika katika miezi mikavu ya baridi, kisha hutoa maua kabla majani hayajarudi kikamilifu. Mwaka jana haukukosea tarehe. Kufikia katikati ya Oktoba matawi yote yalikuwa ya zambarau, na jirani yangu alirudi langoni, safari hii akiwa peke yake, kulalamika kwamba maua yanamchafulia gari.